Waziri akipanda ndege ya serikali, nani analipa nauli?

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Shinyanga. Hivi karibuni waziri mmoja alikuja wilayani kwetu kuzindua mradi wa maji. Alitua Mwanza kwa ndege ya serikali akiwa na watu saba, akaja kwa gari, akahutubia kwa muda usiofika saa moja, na jioni ile ile akarudi. Siku hiyo kulikuwa na ndege ya abiria asubuhi na nyingine jioni. Niliposema kijiweni kwamba huu ni ufujaji, diwani wetu akanijibu kuwa ndege ya serikali ipo tu, haina nauli, na kwamba waziri angekata tiketi ndipo angetumia fedha. Wenzangu wakamuunga mkono. Je, diwani ana hoja? Na nchi yenye bajeti finyu ifanye nini na ndege za namna hii, iziuze?

JIBU

Marahaba, mwalimu. Diwani wenu ana hoja, ila ameishika kwa upande mmoja tu. Ni kweli kwamba ndege ya serikali haina nauli. Inacho kitu kingine kinachoitwa gharama ya saa ya kuruka, na kwa kuwa gharama hiyo hailipwi na anayesafiri wala haionekani kwenye hesabu za wizara yake, ni rahisi kwa wote waliomo ndani, kuanzia waziri mpaka mpiga picha, kuamini kwa nia njema kabisa kwamba safari yao haikugharimu kitu.

Nilifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za umma kwa miaka mingi, na jambo hili sikulijulia kwenye ndege, nililijulia kwenye magari. Katika taasisi moja ambayo sitaitaja, nilikuta kitabu cha safari cha gari la STK, yaani gari la serikali, kinaonyesha kilometa karibu 800 kwa siku moja, na kwenye safu ya madhumuni kumeandikwa kwa mkono uliotulia, "shughuli za ofisi". Umbali kati ya Dar es Salaam na Morogoro ni kilometa 190 na ushee, kwa hiyo gari lile lilikwenda na kurudi mara mbili. Nilimwita dereva. Hakuona haya hata kidogo. Alinieleza kwamba bosi alisahau miwani yake ofisini na alikuwa na hotuba ya kusoma Morogoro mchana ule. Nilipomuuliza bosi mwenyewe kama angetoa mfukoni nauli ya mtu wa kumletea miwani kwa basi, alishangaa, kisha akasema angeazima ya mtu. Mtu huyo hakuwa mwizi. Mafuta ya gari yalikuwa kwenye kifungu cha utawala, na yeye alikuwa anasimamia kifungu kingine, basi.

Ndege ya serikali ni gari lile la STK, isipokuwa miwani inapofuatwa kwa ndege bili huongezeka sifuri kadhaa.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Ndege ina gharama za aina mbili, na ubishi wenu wa kijiweni umetokana na kuzichanganya. Aina ya kwanza ni gharama za kudumu, ambazo serikali inazilipa hata kama ndege imefunikwa turubai mwaka mzima: mishahara ya marubani na mafundi, bima, banda la kuihifadhi, mafunzo ya marubani ambayo hurudiwa kila mara ili leseni zao ziendelee kuwa hai, na ukaguzi wa kiufundi ambao baadhi yake hufuata kalenda na wala haujali kama ndege imeruka saa 10 au 500. Aina ya pili ni zile zinazobadilika kulingana na kuruka: mafuta, ada za kutua na kuegesha, vipuri vinavyochakaa, akiba ya matengenezo makubwa ya injini, pamoja na posho za wahudumu na marubani wanapolala nje ya kituo. Gulfstream G550, aina ambayo serikali ya Tanzania imekuwa nayo kwa takriban miaka 20, hunywa kiasi cha lita 1,400 za mafuta kwa saa moja ya safari, na hapo bado hujahesabu kingine chochote.

Nitatumia namba za mfano, zisizotoka kwenye vitabu vya serikali yoyote, ili tuone jinsi hesabu inavyokwenda. Tuseme gharama za kudumu za ndege ni shilingi bilioni 3 kwa mwaka, na gharama zinazobadilika ni shilingi milioni 8 kwa saa. Ndege ikiruka saa 300 kwa mwaka, kila saa inabeba milioni 10 za gharama za kudumu na milioni 8 za kuruka, jumla milioni 18. Ikiruka saa 150 tu kwa sababu serikali imeamua kubana matumizi, kila saa sasa inabeba milioni 20 na milioni 8, jumla milioni 28. Umeona mtego ulipo? Kadiri serikali inavyoitumia ndege kidogo, ndivyo saa moja inavyoonekana ghali zaidi, na ofisa wa usafirishaji anayetaka takwimu zake zipendeze atakuwa na kila sababu ya kuhimiza mawaziri wapande. Nimewahi kusoma dokezo lililopendekeza hivyo hasa, kwamba chombo fulani cha umma kitumike zaidi "ili kupunguza gharama ya wastani". Wastani ungepungua kweli, na jumla ya matumizi ingepanda.

Turudi kwa waziri wako. Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege ya jeti tuseme ni saa moja na nusu, kwenda na kurudi saa tatu. Nitampa diwani nafasi yake yote: tusihesabu gharama za kudumu, kwa maana ndege ipo tu kama anavyosema, tuhesabu zile milioni 8 za saa peke yake. Inakuwa milioni 24. Tiketi ya kwenda na kurudi tukiikadiria kuwa shilingi 600,000, msafara wa watu wanane ungesafiri kwa milioni 4 na laki nane. Kwa milioni 24 ungekata viti 40. Hata kwa hesabu inayompendelea diwani kuliko zote, basi, safari ile imegharimu mara tano ya tiketi.

Na kuna jambo ambalo mtu wa kawaida halioni kabisa, nalo ni safari tupu. Ndege inamshusha waziri Mwanza saa mbili asubuhi. Saa nne kuna kiongozi mwingine anayeihitaji Dar es Salaam au Dodoma, kwa hiyo inarudi bila abiria hata mmoja, na jioni inakwenda tena kumchukua waziri. Miruko imekuwa minne badala ya miwili, saa sita badala ya tatu, na zile milioni 24 zimekuwa 48. Katika ripoti ya wizara itaandikwa safari moja. Mtu yeyote anayetaka kujua ukweli wa matumizi ya ndege asiulize idadi ya safari. Aulize saa za kuruka, kisha aulize ni ngapi kati ya hizo ndege ilikuwa haina abiria.

Msafara nao una mantiki yake. Viti vikiwa vya kununua, Katibu Mkuu anakuna kichwa kabla ya kuongeza mtu wa tisa. Viti vikiwa vitupu na ndege inaondoka hata hivyo, mtu wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja wanapata nafasi kwa urahisi, na kila mmoja wao ana posho ya kujikimu inayolipwa na wizara kwa masurufu halali kabisa. Mwaka 2015, alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza tarehe 20 Novemba, Rais Magufuli alitoa takwimu ambazo ninazihifadhi mpaka leo kwa sababu ni nadra kiongozi kuzichambua namna ile: kati ya mwaka wa fedha 2013/14 na 2014/15, serikali ilitumia shilingi bilioni 356.324 kwa safari za nje, na ndani yake tiketi za ndege zilikuwa bilioni 183.160, mafunzo nje ya nchi bilioni 68.612, na posho za kujikimu bilioni 104.552. Soma hizo namba tena. Kwa kila shilingi mia zilizokwenda kwenye tiketi, shilingi 57 zilikwenda kwenye posho. Anayezungumzia usafiri wa viongozi akaishia kwenye ndege, akaacha idadi ya watu wanaopanda, ameruka zaidi ya robo ya habari.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo diwani anaweza kushinda, na sitaki kumnyima haki yake. Chukua naibu waziri anayetakiwa kukagua hospitali Songea, kisha bandari Mtwara, akitokea Dodoma, pamoja na wataalamu 11. Ndege za abiria nyingi hupitia Dar es Salaam, na ratiba haziunganiki vizuri, kwa hiyo safari inaweza kula siku tatu. Tukadirie tiketi shilingi milioni 1 na laki mbili kwa kila mtu, ni milioni 14 na laki nne. Ongeza usiku mbili za ziada kwa watu 12, tuseme kwa shilingi 250,000 kwa usiku, ni milioni 6. Jumla milioni 20 na laki nne. Ndege ya jeti kwa saa nne itakula milioni 32, kwa hiyo bado imeshindwa, jambo ambalo lilinishangaza hata mimi nilipolipigia hesabu mara ya kwanza. Lakini ndege ndogo ya pangaboi, ambayo tuseme inagharimu milioni 2 na nusu kwa saa na itahitaji saa tano na nusu kwa kuwa haina mbio, itamaliza kazi kwa chini ya milioni 14, na timu ikalala nyumbani. Kwa mawaziri wanaozunguka mikoani, swali la maana kuliko yote ni saizi ya ndege, na ndilo lisiloulizwa, kwa sababu mezani huwekwa mambo mawili tu, jeti ya Rais au tiketi. Inafaa nikumbushe pia kwamba kwa njia ya Dar es Salaam na Dodoma sasa upo usafiri wa tatu, treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024 na inayofika kwa takriban saa nne. Tukihesabu muda wa kwenda uwanjani na kungoja, waziri anayepanda ndege kwenye njia hiyo haokoi mengi.

Yapo pia mazingira ambayo shilingi hazina budi kukaa pembeni. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh wilayani Hanang tarehe 3 Desemba 2023, hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemtaka waziri anayeratibu uokoaji asubiri ndege ya abiria ya kesho yake. Ulinzi wa kiongozi wa nchi ni suala jingine la namna hiyo. Kanuni za mawaziri wa Uingereza zinaliweka hili kwa namna ninayoipenda: ndege isiyo ya ratiba inaweza kuidhinishwa pale ambapo hakuna ndege ya ratiba, au pale ambapo mahitaji ya kazi ya serikali au ya Bunge, usalama, ama dharura vinazuia kutumia ile ya ratiba. Cheo cha msafiri hakimo kwenye sababu hizo, na kuzindua mradi wa maji ambao tarehe yake ilijulikana majuma kadhaa kabla hakuwezi kuitwa dharura.

Sasa swali lako la pili, la kuuza. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kuuza ndege ya serikali ni jambo tamu sana kisiasa na mara nyingi ni chungu kihesabu. Mexico iliagiza Boeing 787 kwa ajili ya rais wake mwaka 2012, kwa dola milioni 218. Andrés Manuel López Obrador aliapa kwamba hataipanda. Mnamo Septemba 2018, akiwa bado hajaapishwa, alikwama kwa saa kadhaa ndani ya ndege ya abiria uwanjani Huatulco kwa sababu ya mvua, na hakubadili msimamo. Alipoingia madarakani Desemba mwaka huo ndege ikapelekwa California kutafutiwa mnunuzi, na mnunuzi hakupatikana. Mwaka 2020 serikali ikaendesha bahati nasibu kwa jina la ndege hiyo, tiketi milioni 6 kwa peso 500 kila moja, zawadi 100 za peso milioni 20 kila moja, ingawa mshindi hakupewa ndege yenyewe. Hatimaye Aprili 2023 iliuzwa kwa Tajikistan kwa dola milioni 92 hivi, na fedha zikaelekezwa kujenga hospitali mbili. Wamexico wengi walifurahi, na siwalaumu. Mkaguzi, hata hivyo, ataandika kwamba mali iliyonunuliwa kwa 218 imeuzwa kwa 92 baada ya miaka zaidi ya minne ya kuitunza pasipo kuitumia, na kwamba mzigo wa kosa ulikuwa siku ya kununua, kwa sababu nchi haikuhitaji ndege ya ukubwa ule.

Jirani zetu wa Malawi walikwenda kasi zaidi. Rais Bingu wa Mutharika alinunua jeti ya Falcon 900EX mwaka 2009 kwa dola milioni 13 na ushee, wafadhili wakakasirika, Uingereza ikapunguza msaada. Joyce Banda aliposhika uongozi aliiuza mwaka 2013 kwa dola milioni 15. Kwa hesabu ya kununua na kuuza Malawi haikupata hasara, na hilo ni nadra. Lakini viongozi hawakuacha kusafiri. Tarehe 10 Juni 2024 Makamu wa Rais Saulos Chilima na wenzake wanane walipoteza maisha katika msitu wa Chikangawa, wakiwa ndani ya ndege ya jeshi aina ya Dornier 228, wakienda mazishini upande wa Mzuzu, baada ya rubani kushindwa kutua kwa sababu ya hali ya hewa. Sisemi kwamba kuuzwa kwa jeti kulisababisha ajali. Vitu hivyo viwili vimetenganishwa na miaka 11 na uwanja wa Mzuzu una masharti yake. Ninachosema ni kwamba serikali inayouza ndege moja haijaacha biashara ya kuwarusha viongozi, imeihamishia kwenye vyombo vingine, vya jeshi, vya polisi au vya kukodi, na huko ndiko macho ya umma hayafiki. (Tarehe hiyo hiyo, 10 Juni, mwaka 2012, Kenya ilimpoteza Waziri George Saitoti katika helikopta ya polisi iliyoanguka Ngong.) Kasma ya kwanza kukatwa bajeti inapobanwa huwa ni matengenezo, kwa sababu haina mtu wa kuitetea, ilhali hiyo ndiyo ambayo haipaswi kuguswa maadamu chombo kinaruka. Ujerumani, ambayo huwezi kuiita nchi maskini, iliaibika Novemba 2018 pale ndege ya serikali iliyombeba Angela Merkel kwenda mkutano wa G20 Buenos Aires ilipoharibika na kutua Cologne, naye akamalizia safari kwa ndege ya abiria kutoka Madrid.

Kukodi nako kuna miiba yake, na mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya. Mei 2024 Rais William Ruto alikwenda Marekani kwa ziara ya kitaifa akitumia Boeing 737 ya kifahari ya kampuni ya Royal Jet ya Abu Dhabi, kwa kuwa ndege yake ya Fokker 70, iliyonunuliwa miaka ya 1990, haiwezi kuvuka bahari ile bila kutua njiani mara kadhaa. Wakenya walipohoji gharama, alisema kwanza kwamba ilikuwa nafuu kuliko kusafiri na Kenya Airways, na baadaye akaeleza kuwa marafiki walimpatia kwa bei isiyozidi shilingi milioni 10 za Kenya. Tuseme ni hivyo hasa. Kwangu mimi jibu hilo linaleta swali kubwa kuliko lile lililojibiwa, maana tofauti kati ya bei ya soko na bei ya rafiki ni zawadi, na zawadi kwa mkuu wa nchi ina mtoaji, na mtoaji ana jina na shughuli zake. Ndege ambayo serikali haikuilipia kikamilifu inaweza kuwa ghali kuliko zote. Mwezi uliofuata vijana walijaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, Rais akaurudisha bila kuutia saini, na tarehe 5 Julai akasitisha safari zisizo za lazima za watumishi wa umma. Siwezi kudai kwamba ndege ile ndiyo iliyowatoa vijana nyumbani, ila ilikuwa midomoni mwao.

Sisi Watanzania nasi tunayo kumbukumbu yetu. Jeti ya Rais iliponunuliwa katika utawala wa Mkapa, kauli iliyobaki vichwani mwa watu ni ile iliyonasibishwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Basil Mramba, kwamba ndege itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale nyasi. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado ukitaja ndege ya serikali mbele ya wazee, nyasi zinatajwa kabla ya mafuta. Wakati wa Magufuli mambo yakageukia upande wa pili, safari za nje zikawa hazifanyiki bila kibali cha Ikulu, na Fokker 50 ya serikali ikapelekwa ATCL, shirika la ndege la taifa, ibebe abiria wa kawaida. Kupeleka ndege ya ukubwa ule ibebe watu wanaolipa nauli badala ya kuiweka bandani ni uamuzi ninaouunga mkono. Kibali cha Ikulu ni kizuri kwa muda, lakini kinategemea nani yupo Ikulu.

Je, kipi hakitegemei mtu? Nimeona vitu viwili tu vinavyofanya kazi, na cha kwanza ni kumfanya anayepanda alipe kutoka fungu lake. Wakala wa Ndege za Serikali, au chombo chochote cha namna hiyo mahali pengine, kipige hesabu ya saa ya kuruka kila mwaka, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aithibitishe, kisha kila wizara inayoomba ndege iletewe ankara na Katibu Mkuu, ambaye ndiye Afisa Masuuli, asaini mwenyewe hati ya malipo. Watu wa Hazina watakwambia kwamba kulipana serikali kwa serikali ni kuhamisha fedha mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Ni kweli, na ndivyo ilivyo kwa mafuta ya gari la STK pia. Lakini Afisa Masuuli ambaye milioni 24 za uzinduzi wa bomba zitatoka kwenye kifungu kile kile cha kununulia mabomba atamshauri waziri wake akate tiketi, na atamshauri bila mtu kumsukuma. Hata yule bosi wa miwani angeazima.

Cha pili ni kuchapisha orodha. Kwa miaka mingi Australia ilikuwa ikichapisha safari za ndege maalumu za serikali, nani alipanda na kutoka wapi kwenda wapi, na wananchi wake wameonyesha kwamba wanajua kuzisoma hesabu za viongozi. Novemba 2014 Spika wa Bunge Bronwyn Bishop alikodi helikopta kwa dola 5,227 za nchi hiyo kutoka Melbourne hadi Geelong, umbali wa kilometa 80 hivi ambao gari huumaliza kwa muda wa saa moja, akaenda kwenye harambee ya chama chake. Fedha ile ni ndogo mno kwa bajeti ya nchi kama ile, lakini kila mtu aliyewahi kuendesha gari njia hiyo alielewa mara moja habari ilipotoka, na Spika akajiuzulu Agosti 2015. Marekani nayo Waziri wa Afya Tom Price alijiuzulu Septemba 2017 baada ya waandishi wa habari kufuatilia ndege za kukodi alizopanda. Alijitolea kurudisha dola 51,887 kama bei ya kiti chake, naye hakuhesabu viti vingine, ingawa ndege ilikodiwa nzima.

Afrika Kusini ilitoa adhabu ambayo ningependa iigwe kwa utaratibu wake. Septemba 2020 Waziri wa Ulinzi Nosiviwe Mapisa-Nqakula alikuwa na safari halali ya kikazi kwenda Harare kwa ndege ya jeshi, akawachukua ndani yake wajumbe wa chama cha ANC waliokuwa na mkutano na ZANU-PF. Hoja yao ilifanana na ya diwani wako: ndege ilikuwa inakwenda hata hivyo. Rais Ramaphosa hakuikubali. Alimkaripia kwa maandishi, akakata mshahara wake wa miezi mitatu uende kwenye mfuko wa mapambano dhidi ya Uviko, na chama kikarudisha zaidi ya randi 105,000. Kiti kitupu kwenye ndege ya umma, kumbe, nacho kina bei, na aliyekikalia ndiye aliyepelekewa ankara.

Kwa hiyo ukirudi kijiweni, usimwambie diwani kwamba waziri ni mfujaji. Hujui safari ile iliidhinishwa kwa sababu gani, na yeye pia hajui. Mpe karatasi yenye maswali haya na umwombe ampelekee mbunge wenu, ayaulize Bungeni au ayafikishe kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali: katika mwaka wa fedha uliopita, ndege za serikali ziliruka saa ngapi kwa jumla, kati ya saa hizo, ni ngapi ndege haikuwa na abiria, kila wizara ilitumia saa ngapi, na ililipa shilingi ngapi kutoka fungu lake, na katika safari za ndani, ni ngapi zilifanyika siku ambayo ndege ya abiria ilikuwapo kwenye njia hiyo hiyo. Swali la mwisho linaweza kujibiwa na karani mmoja mwenye ratiba ya ndege na kitabu cha safari mbele yake, kwa siku mbili.